Kahawa kabla ya ndege: kijiweni, nje ya ukaguzi, ndani, au angani?

Ndege ya alfajiri kutoka Dar ina mateso yake. Unaamka saa saba usiku, unafika uwanjani Kipawa saa nane na nusu, unapanga foleni ya begi, foleni ya pasipoti, foleni ya ukaguzi. Ukija kutulia ni saa kumi, umekaa mbele ya geti macho mazito, na unachokitamani ni kikombe kimoja tu cha kahawa yenye maana. Hapo ndipo wengi tunaponunua kikombe cha kwanza tunachokiona, tunakilipia bei ya chakula cha mchana, kisha tunakunywa maji machungu.

Mimi husafiri mara kadhaa kwa mwaka, kwa kazi na kwa kutembelea ndugu walioko Nairobi na Muscat. Kahawa nimeizoea tangu utotoni Ng'ambo, Unguja, babu alipokuwa akiniachia funda la mwisho la finjani yake barazani. Baada ya safari nyingi nimeona kwamba jina lililoandikwa juu ya mkahawa lina uzito mdogo kuliko mambo mawili: uko upande gani wa ukaguzi, na zimebaki dakika ngapi kabla ya kuitwa. Kwa hiyo ulinganisho huu naupanga kwa kufuata njia ya abiria mwenyewe, tangu mlangoni kwake hadi kwenye kiti cha ndege.

Kabla hujafika uwanjani

Wengi hawalihesabu hili, nami naliweka mwanzo kwa makusudi. Kahawa ya kijiweni, ile ya birika la dele yenye tangawizi au iliki, pamoja na kipande cha kashata, ni kahawa halisi. Buni zimekaangwa siku za karibuni, zimetwangwa, zimechemshwa, na kwa kuwa wateja hawakatiki, dele halipati nafasi ya kuchacha. Kwa bei haina mshindani: kikombe kimoja cha uwanjani kinazidi gharama ya finjani za wiki nzima, hata kwa mtu anayekunywa mbili kila siku. Tena finjani ni ndogo. Unapata ladha bila kujaza tumbo na kibofu kabla ya foleni ndefu.

Kasoro yake ni saa. Kijiwe kinachangamka jioni na asubuhi kukishapambazuka, kwa hiyo mwenye ndege ya saa kumi na moja alfajiri hakimfai. Anayeruka saa tatu au nne usiku ndiye mwenye bahati: anakunywa baada ya magharibi, anaaga, anaondoka. Sharti ni moja tu, kijiwe kiwe cha mtaani kwako. Kusimama njiani, barabara ya Nyerere ikiwa imefunga, ni kuiweka tiketi rehani kwa ajili ya finjani.

Anayepandia KIA, yaani uwanja wa Kilimanjaro, ana sababu kubwa zaidi ya kunywa kabla. Uwanja huo uko kati ya Moshi na Arusha, na kutoka Moshi ni kama kilomita 40. Moshi ndiko kuliko na Bodi ya Kahawa, ndiko mnada wa kahawa ulikojengeka, na ndiko KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanza mwaka 1933, kina mkahawa wake wa Union Café, ambapo unakunywa arabika ya wakulima wa mlima na kununua pakiti ya kuondoka nayo. Mtu aliyelala Moshi akaacha kunywa mjini ili anywe uwanjani, mimi huwa najiuliza alikuwa anawaza nini. Tenga saa moja na nusu kwa ajili ya mkahawa na barabara, na utafika bila kukimbizana.

Nje ya ukaguzi, na ndani ya ukaguzi

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu, kwa sababu pande zote mbili zina mikahawa na bei zinakaribiana.

Nje, yaani kabla ya pasipoti na mashine ya mwisho, nafasi ni kubwa zaidi, viti vinapatikana, na kama umesindikizwa mnaweza kukaa pamoja, ingawa baadhi ya viwanja haviruhusu wasindikizaji kuvuka mlango wa jengo. Tatizo ni kwamba unakunywa huku mbele yako kuna foleni usizoziona. Huwezi kujua kama uhamiaji kuna watu kumi au mia mbili. Nairobi ndiyo inayonifundisha hili kila mara: kwenye uwanja wake wa JKIA unashuka kwenye gari getini ukakaguliwe wewe na gari likaguliwe lake, kisha mlango wa jengo una mashine yake, halafu kuna ukaguzi mwingine kabla ya kupanda. Kila hatua ni fupi ikiwa peke yake. Zikijumlishwa, dakika zako za kahawa zimekwisha.

Na kikombe cha nje hakivuki. Safari nyingi za kimataifa zinafuata kanuni ya kioevu kisichozidi mililita 100 kwa kila chombo, na kapuchino ya kawaida, ile kahawa ya maziwa yenye povu, ni karibu mara mbili ya hapo. Nimeona watu wazima wakimeza kahawa ya moto kwa mkupuo mbele ya mashine, machozi yakiwatoka, kwa sababu tu wameilipia.

Ndani, faida ni utulivu wa moyo. Geti unaliona, tangazo unalisikia, na hakuna tena anayeweza kukuambia vua mkanda. Hasara yake ni kwamba chaguo ni chache na kila abiria aliyechoka amekusanyika hapo hapo. Ndege mbili kubwa zikiwa zinaondoka kwa kufuatana, foleni ya kahawa inaweza kuwa ndefu kuliko ya uhamiaji.

Mimi nachagua ndani, isipokuwa katika hali moja: nikiwa nimesindikizwa na mtu mzima wangu. Mama akija hadi uwanjani, tunakaa nje, nanunua vikombe viwili, na ladha ya kahawa siku hiyo inakuwa jambo la pili.

Ukishaingia ndani, hesabu dakika kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kuanza kupanda, ile iliyoandikwa kwenye pasi ya kupandia ndege. Wengi hukosea kwa kuhesabu kutoka saa ya kuruka, na kwa ndege kubwa tofauti ya saa hizo mbili inaweza kufika dakika 40 au zaidi. Zikibaki chini ya dakika 15, agiza espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, au makiato, yaani espreso yenye maziwa kidogo, vitu vya mafunda mawili matatu, unywe ukiwa umesimama. Zikibaki 30, kapuchino inawezekana. Kahawa ya kuchuja kwenye kikombe kikubwa inataka saa nzima, kwa sababu inatoka ya moto sana na utamu wake unaonekana ikishapoa kidogo. Kuibeba ikifuka kwenye foleni ya geti, katikati ya watoto na mabegi, ni hatari ambayo haina haja.

Kuijua kaunta kabla ya kulipa

Miaka michache iliyopita, kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, niliagiza kahawa ya kuchuja saa tisa alasiri. Ilikuja vuguvugu, nyeusi kama lami, na harufu ya kitu kilichoungua. Nikamuuliza binti wa kaunta:

“Samahani dada, hii imechujwa saa ngapi?”

“Asubuhi, kaka. Huwa tunaipasha.”

Alijibu kwa uaminifu, na sikumlaumu yeye. Lakini iliniuma, kwa sababu nilikuwa nchi inayolima kahawa, na kahawa hiyo wakulima waliichuma kwa mkono, punje nyekundu moja moja, ili ije ifie kwenye jagi la kupashia. Tangu siku hiyo nauliza kwanza. Kahawa iliyochujwa ikikaa juu ya jiko la umeme kwa zaidi ya nusu saa hivi inaanza kuharibika, na hakuna sukari inayoirudisha.

Vitu vya kutazama ni vichache, na unaviona ukiwa bado kwenye foleni. Kuna kinu cha kusagia pembeni ya mashine, na kinalia? Kikikaa kimya wakati vikombe vinatoka, ujue unga ulisagwa zamani, na kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi sana. Tazama bomba la mvuke la kuchemshia maziwa: likifutwa kila baada ya kutumika, hapo pana mtu anayejali. Likiwa na ganda la maziwa makavu, agiza kitu kisicho na maziwa, au nenda kwingine. Sikiliza pia mashine inavyotoa espreso. Inatakiwa kuchukua kama sekunde 25 hadi 30, nyuzi nyembamba za rangi ya asali zikishuka taratibu. Ikibubujika kwa sekunde 10 kama bomba la maji, kikombe kitakuwa chepesi na kichachu.

Kuhusu cha kuagiza, maoni yangu ni haya. Ukiiamini kaunta, chukua espreso au kahawa ya kuchuja iliyotengenezwa sasa hivi. Usipoiamini lakini maziwa yake yanaonekana safi, kapuchino ndiyo salama zaidi, kwa kuwa maziwa yaliyopashwa vizuri, kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, yana utamu wake na yanafunika makosa mengi. Usipoamini chochote, omba chai. Chai ya tangawizi iliyochemka sawasawa inashinda kahawa mbovu, nami nasema hivyo nikiwa mpenzi wa kahawa.

Launji

Kama tiketi au kadi yako ya benki inakuingiza launji, ule ukumbi wa mapumziko, usidhani kahawa ya huko lazima ni bora. Mara nyingi ni mashine ya kubonyeza kitufe. Inasaga buni papo hapo, na hilo ni jema, lakini buni zimekaa kwenye chombo muda gani hakuna anayekwambia. Kubali espreso yake, epuka vinywaji vya maziwa ya unga. Kulipia launji kwa ajili ya kahawa peke yake hakuna mantiki. Kulipia kwa ajili ya kiti, chakula, choo safi na kuchaji simu katika transiti, yaani kusubiri ndege ya kuunganisha, ya saa sita ni jambo lingine.

Kubeba yako mwenyewe

Hili nalipenda kuliko yote yaliyobaki, na nashangaa ni wachache wanaolifanya. Kioevu hakivuki ukaguzi, lakini kahawa kavu inavuka, na chupa ya chai ikiwa tupu inavuka pia. Unachohitaji ukishaingia ndani ni maji ya moto, na kaunta nyingi hukupa kwa bei ndogo au bure ukinunua hata andazi. Omba kwa heshima, wakati hakuna foleni.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kahawa ya unga inayoyeyuka, kama Africafé, inayopatikana katika maduka mengi Tanzania. Ni rahisi, haiachi machicha, na kikombe chake kila mara ni kilekile. Ya pili ni vile vifuko vya karatasi vinavyoning'inizwa mdomoni mwa kikombe, ndani vina kahawa iliyosagwa: unamimina maji kidogo kidogo, unapata kahawa ya kuchuja kweli. Kwa kikombe cha mililita 200 unataka gramu 12 hivi za kahawa. Ya tatu ni ya watu wa Kagera, na haihitaji hata maji: kahawa ya kutafuna. Wahaya huchuma matunda ya robusta, wakayachemsha na viungo na kuyakausha, na mgeni huyapewa kama ishara ya kumkaribisha. Ukitafuna punje chache, usingizi unakukimbia. Rafiki yangu mmoja wa Bukoba hapandi ndege bila kifurushi chake mfukoni, na jirani yake wa kiti huwa hakosi punje.

Anayekwenda Marekani ajue kwamba tangu 2018 unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kufunguliwa na kukaguliwa, hata kuzuiwa. Pakiti kubwa za zawadi ziweke kwenye begi kubwa.

Kuisubiri ndani ya ndege

Watu husema kahawa ya ndege ni mbaya kwa sababu maji hayachemki vizuri juu. Kuna ukweli ndani yake. Hewa ya ndani ya ndege imebanwa ilingane na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na kwenye mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Lakini hebu tufikiri: uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko juu ya mita 2,300. Maji ya Addis yanachemkia karibu joto hilohilo, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema Addis hawajui kahawa. Kwa hiyo lawama zote tusizitupie kwenye kimo.

Kinachoharibu zaidi ni ukavu. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi uko chini ya asilimia 20, pua inakauka, na bila pua kahawa inabaki uchungu mtupu. Ongeza kelele za injini, ongeza kahawa iliyotengenezwa kwa mkupuo kwa ajili ya watu mia mbili, hapo umepata jibu. Boeing 787, ambazo Air Tanzania, Kenya Airways na Ethiopian zote wanazo, hubanwa hadi kimo cha karibu mita 1,800, na hewa yake ina unyevu zaidi kidogo. Ukilazimika kunywa angani, ni afadhali humo. Vinginevyo angani mimi hunywa maji.

Ukiwa na transiti

Hapa mambo yanageuka, kwa sababu muda upo na swali linakuwa mji gani.

Addis sina shaka nao. Ndani ya uwanja kuna kona za kahawa ya jebena, chungu cheusi cha shingo nyembamba, na harufu ya buni zikikaangwa inakufikia kabla hujaona kibao. Desturi kamili ina mizunguko mitatu, abol, tona na bereka, ila kwa mpita njia kikombe kimoja kinatosha. Ukitaka ya haraka, omba makiato. Ni alama iliyobaki tangu Waitaliano waikalie Ethiopia mwaka 1936 hadi 1941, na Waethiopia wameifanya yao kabisa. Kwa bei na ladha kwa pamoja, sijaona transiti inayoizidi.

Nairobi ina faida ya kueleweka. Java House, iliyoanza mwaka 1999 mjini humo, ina matawi JKIA, menyu unaijua, Kiswahili kinatosha, na kahawa ya Kenya yenye uchachu wake mzuri wa matunda inafaa zaidi ukiinywa bila maziwa. Ukiwa na saa mbili na unataka pia mayai na mkate, Nairobi inashinda Addis. Ukiwa na dakika 40, pale kunywa kitu cha haraka na uende getini mapema.

Muscat ni habari nyingine kabisa. Ukifika huko usitafute kapuchino. Tafuta kahwa: buni zisizokaangwa sana, iliki nyingi, finjani isiyo na mkono, tende pembeni, na ukibahatika, halua. UNESCO iliiandikisha kahawa ya Kiarabu mwaka 2015 kama urithi wa ukarimu, kwa maombi ya Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar. Kwa mtu wa Unguja ile si kahawa ya ugenini, kwani tumekua nayo. Ukitosheka, tikisa finjani kidogo unapoirudisha. Usipotikisa, wataendelea kukumiminia.

Saa ya ndege na mwili wako

Kafeini hubaki mwilini muda mrefu kuliko tunavyodhani: baada ya saa tano hivi, nusu yake bado iko kwenye damu. Ukinywa kikombe kikubwa saa nne usiku, saa tisa alfajiri bado kinakusumbua, na ndege inatua saa kumi na mbili hujafumba jicho. Robusta ina karibu mara mbili ya kafeini ya arabika, kwa hiyo kikombe cha Bukoba na cha Kilimanjaro vinaweza kuonekana sawa na kukufanyia mambo tofauti. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula, katika taarifa yake ya 2015, iliweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mama mjamzito. Vikombe viwili vya kuchuja tayari vinamfikisha mjamzito karibu na ukomo wake.

Kwa ndege ya alfajiri, basi, mimi hunywa ndani ya ukaguzi, espreso, baada ya kula kitu chochote, hata ndizi. Kwa ndege ya mchana nakaa, naagiza ya kuchuja, natazama watu wakipita. Ya usiku naimaliza mtaani mapema.

Safari yangu ijayo ni ya Muscat, usiku. Nitakunywa finjani moja Kariakoo baada ya magharibi, na kwenye begi kubwa kutakuwa na kilo mbili za kahawa ya Mbinga za dada yangu, ambaye amekuwa akinidai tangu mwaka jana.